Jina, Yaliyomo na Sanadi: Mpanda Ileile ni Ipi?

Mfumo wa kudhibiti matoleo ni programu inayotunza historia ya mafaili: nani amebadili nini, lini, na faili lilikuwaje kabla ya hapo. Sehemu kubwa ya programu za kompyuta zinazotumika leo huandikwa kwa msaada wa mfumo wa aina hiyo, kwa kuwa watu wengi hufanyia kazi mafaili yaleyale kwa wakati mmoja wakiwa mbalimbali. Kuongeza mstari au kuufuta hakuusumbui mfumo. Kinachousumbua ni mambo mawili yanayoonekana madogo: faili kubadilishwa jina, na kazi za watu wawili kuunganishwa kuwa moja. Hapo mfumo hulazimika kuamua kama faili lililo mbele yake leo ndilo lilelile la jana. Uamuzi huo ni wa kifalsafa, hata kama anayeufanya ni mashine, na wanafalsafa pamoja na wanazuoni wa dini walihangaika nao muda mrefu kabla ya kompyuta kubuniwa.

Kitu kikibadilishwa jina, yaliyomo nayo yakabadilika, kisha kikaunganishwa na kingine, ni nini kinachokifanya kiendelee kuwa kilekile? Wapo wanaojibu kuwa ni jina, wapo wanaosema ni yaliyomo, na wapo wanaoshikilia kwamba ni kumbukumbu iliyoandikwa ya tendo la kubadilisha, yaani sanadi. Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, unayapima majibu hayo kwa ukali, kwa sababu ndani ya kizazi kimoja majina, mipaka na watu wake vimebadilika kwa pamoja.

Wilaya ya Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Tabora hadi mwaka 1974, ilipoingizwa katika Mkoa mpya wa Rukwa. Mwaka 2012 Rukwa nayo ikagawanywa, ukazaliwa Mkoa wa Katavi, makao makuu yake yakiwa Mpanda mjini. Mtu aliyezaliwa Mpanda mwaka 1970, akasoma hapo na kuzeekea hapo bila kuhama hata nyumba, amekuwa mwenyeji wa mikoa mitatu. Karatasi zake za utotoni zinamtaja mtu wa Tabora, cheti chake cha shule kinasema Rukwa, na kitambulisho chake cha taifa kinasema Katavi. Afisa asiyeijua historia hiyo akiwekewa karatasi hizo mezani ana haki ya kudhani kuwa mwombaji amehamahama, au kwamba ni watu watatu wanaochangia jina moja.

Mifumo ya zamani ya kudhibiti matoleo ilifikiri kama afisa huyo. Katika mfumo wa CVS, uliotawala miaka ya 1990, historia ilifungwa kwenye jina la faili. Aliyetaka kubadilisha jina alilazimika kulifuta faili la zamani na kuongeza jipya. Jipya lilianza maisha bila ya jana yake, na miaka ya masahihisho ilibaki chini ya jina ambalo halikuwapo tena. Kwa mfumo huo jina ndicho kitu, na likiondoka hakuna kilichosalia.

Si haki kuliona jibu hilo kuwa la kijinga. Kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, katika bonde la mto Luapula, watu wa Kazembe walijenga mpangilio mzima wa jamii juu yake. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeandika kuwahusu mwaka 1959, alionyesha kuwa mtu anayerithi jina la marehemu hurithi pamoja nalo nafasi yake na undugu wake, na husimulia matendo ya waliolishika jina hilo kabla yake kana kwamba ni yake mwenyewe. Mwili unabadilika, jina linaendelea, na jina ndilo linalodai na kudaiwa. Jibu la jina hufanya kazi vizuri pale ambapo jamii nzima inalilinda na kulikabidhi kwa sherehe mbele ya mashahidi. Linashindwa pale ambapo jina hubadilishwa kwa tangazo la serikali, au na mtengeneza programu mmoja aliyeamua usiku kuwa jina la zamani halimpendezi.

Jina la Katavi lenyewe limesafiri kwa namna inayoonyesha udhaifu huo. Kwa Wabende, Katabi ni roho ya mwindaji mkuu wa zamani, na kikao chake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ambako watu wamekuwa wakipeleka sadaka kuomba mvua na baraka. Kutoka kwa roho jina likahamia kwenye ziwa, mwaka 1974 likapewa hifadhi ya taifa, na mwaka 2012 likapewa mkoa mzima. Roho, ziwa, hifadhi na mkoa ni vitu vinne vya aina nne tofauti, vyenye jina moja na hakuna hata kimoja kilicho kingine. Kama jina peke yake lingetosha kubeba utambulisho, mtu anayeweka sadaka chini ya mkwaju na mtalii anayelipa kiingilio getini wangekuwa wanashughulika na kitu kimoja. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kulikubali hilo.

Mwezi Aprili 2005 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, alitengeneza mfumo uitwao Git, akalichukua jibu la pili bila kusita. Git huchukua yaliyomo kwenye faili, huyapitisha kwenye hesabu inayotoa mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi uitwao hashi, na kuyahifadhi chini ya hashi hiyo. Jina huwekwa pembeni, kwenye orodha inayosema kuwa katika picha ya siku hii yaliyomo haya yaliitwa hivi. Mafaili mawili yenye maneno yaleyale, hata yakiwa na majina tofauti na yameandikwa na watu wasiojuana, ndani ya Git ni kitu kimoja kilichohifadhiwa mara moja. Mafaili yote matupu duniani, katika hazina zinazotumia hesabu ya hashi iliyozoeleka, yana hashi moja.

Kwa hiyo Git haiandiki popote kuwa faili limebadilishwa jina. Mtu akiuliza, mfumo unalinganisha picha mbili: majina yaliyotoweka kwa upande mmoja, majina mapya kwa upande mwingine. Yaliyomo chini ya jina lililotoweka yakifanana na ya jina jipya kwa asilimia 50 au zaidi, mfumo unahukumu kuwa faili limebadilishwa jina. Yakifanana chini ya hapo, unahukumu kuwa moja limekufa na jingine limezaliwa. Torvalds alikuwa na hoja nzito. Historia ya kweli ya kazi, kwa maoni yake, ni ya maandishi yanayohama kutoka faili hadi faili, na mara nyingi kinachohama ni kipande tu. Kuandika kwamba faili A limekuwa B ni kulazimisha simulizi nyepesi juu ya jambo tata. Ni afadhali kuhifadhi picha zilizo sahihi na kuacha uhusiano utafutwe baadaye, kwa zana zitakazoendelea kuboreshwa.

Kiwango hicho cha nusu kimechaguliwa na watu, na mtumiaji anaweza kukibadili. Lakini kuwapo kwa mstari wowote wa kugawa kunaifufua hoja ya kale ya Plutarch kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kuondoa ubao uliooza na kuweka mzima, mpaka wanafalsafa wakagawanyika kama ni merikebu ileile. Thomas Hobbes aliongeza ugumu mwaka 1655: mtu akiziokota mbao kuukuu zote na kuziunga upya, merikebu ya Theseus itakuwa ipi kati ya mbili hizo? Kwa kuangalia yaliyomo peke yake, Git ingejibu bila kigugumizi kuwa ni ile ya mbao kuukuu.

Jibu hilo likipelekwa Katavi linatoa matokeo ya kushangaza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Hata ikichukuliwa kuwa katika miaka 10 hakuna aliyekufa wala aliyehama, watu waliokuwapo mwaka 2012 wasingefikia nusu ya waliohesabiwa mwaka 2022: ni asilimia 49 hivi. Kwa kipimo ambacho Git hukitumia bila kuambiwa vingine, yaliyomo ya Katavi ya 2022 hayafikii kiwango cha kuitwa yaleyale ya Katavi ya 2012. Ongezeko hilo limetokana na watoto wengi wanaozaliwa na wahamiaji wanaofuata mashamba, malisho na dhahabu, na hakuna anayedai kuwa mkoa wa zamani umekufa. Kilichouokoa ni jina. Git nayo hufanya hivyohivyo: jina likibaki palepale, haihoji yaliyomo hata yakibadilika karibu yote. Maswali ya kufanana huanza pale tu jina linapotoweka.

Hapo ndipo kisa cha Mpanda kinapokuwa kigumu kweli. Ndani ya muongo huohuo wa ongezeko, wilaya iligawanywa. Sehemu iliyoelekea Ziwa Tanganyika, yenye Karema, Ikola na Mishamo, ikawa Wilaya ya Tanganyika, na halmashauri iliyokuwa ikiitwa Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda ikachukua jina la Tanganyika, makao makuu yake yakiwa Majalila. Jina la Wilaya ya Mpanda lilibaki, ila sasa linabeba Manispaa ya Mpanda na Halmashauri ya Nsimbo. Yaani halmashauri yenye mikataba, madeni, mashamba na mashauri ya zamani imeondoka na kuvaa jina jipya, huku jina lake la zamani likibaki juu ya kitu kingine. Mrithi wa mkataba uliosainiwa kwa jina la Mpanda anapotafutwa, jina linamwelekeza mtu mahali pasipo penyewe.

Git, katika utendaji wake wa kawaida, ingeshindwa hapo kabisa. Kwa kuwa jina la zamani halikutoweka, isingelihoji. Ingesema Mpanda imefanyiwa masahihisho makubwa na Tanganyika ni faili jipya lisilo na historia. Ipo amri ya kuilazimisha ichunguze zaidi, lakini anayeitoa lazima awe tayari na sababu ya kushuku, na sababu hiyo hutoka kwa mtu anayekumbuka. Kufanana kwa yaliyomo kunaweza kuthibitisha kumbukumbu. Hakuwezi kuchukua nafasi yake.

Watengeneza mifumo mingine waliliona hilo. Katika Mercurial, iliyotokea mwaka huohuo wa 2005, anayebadilisha jina kwa amri ya mfumo huacha maandishi kuwa faili hili limetoka kwa lile. Bazaar ilikwenda mbali zaidi: kila faili lilipewa kitambulisho chake siku lilipoingizwa, na kitambulisho hicho hakikubadilika hata jina na yaliyomo vikibadilika vyote. Huko utambulisho hautafutwi kwa kulinganisha sura. Umeandikwa na aliyefanya tendo, wakati alipolifanya.

Wanazuoni wa Kiislamu waliujua mgawanyo huu karne nyingi kabla. Hadithi ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mlolongo wa waliopokezana maneno hayo kutoka kwa fulani hadi fulani. Mwanachuoni wa hadithi hakuridhika kwamba maneno yanafanana na yale ambayo Mtume angeweza kuyasema. Alitaka kujua nani aliyasikia kwa nani, kama walikutana, kama mpokezi alikuwa mkweli na mwenye kumbukumbu nzuri. Matini mazuri yasiyo na sanadi hayakutosha. Sababu ni ileile inayoonekana Katavi: kufanana kunaweza kutokea kwa bahati na kunaweza kughushiwa, ilhali mlolongo wa mashahidi, kila mmoja akitajwa kwa jina, unaweza kuhojiwa kiungo kwa kiungo.

Kanisa Katoliki nalo lina utaratibu wake, na katika mkoa huu umepata majaribu yasiyo ya kawaida. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ilianza mwaka 1879 kama kituo cha Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe. Ikaja kuwa jina la jimbo zima: Jimbo la Karema, lililosimikwa mwaka 1953. Mwaka 1969 jimbo hilo likabadilishwa jina kuwa Jimbo la Sumbawanga. Mwaka 2000 likaundwa Jimbo la Mpanda, na Karema ikaangukia humo. Kwa hiyo jimbo lililorithi historia ya Jimbo la Karema haliimiliki tena Karema, na jimbo linaloimiliki Karema ni changa. Anayefuata mlolongo wa majina ya jimbo ataishia Sumbawanga. Anayefuata ardhi na kuta za kanisa la kale ataishia Mpanda.

Muumini hapotei katika mvurugano huo, kwa sababu ya daftari moja. Sheria za Kanisa zinaagiza kwamba kila parokia iwe na daftari la ubatizo, na kwamba kipaimara, ndoa, upadrisho na nadhiri za daima za mbatizwa ziandikwe baadaye katika daftari hilohilo, pale palipoandikwa ubatizo wake. Mtoto aliyebatizwa Karema akifunga ndoa Dar es Salaam miaka 30 baadaye, taarifa hurudishwa parokia ya ubatizo na kuandikwa pembeni mwa jina lake. Padri anayefungua ukurasa huo anamwona mtu mmoja aliyeingia kama mtoto wa fulani na fulani, na ubavuni mwake, kwa mikono na wino tofauti, mambo makuu ya maisha yake. Majimbo yanaweza kubadilishwa majina mara nyingi kadiri itakavyotakiwa. Mstari ule hauhamishwi, na kila jambo jipya linalohusu utambulisho wake linarudi hapo. Utaratibu wa Bazaar na wa daftari hili ni mmoja, ingawa walioubuni hawakuwahi kusikiana.

Kuunganisha kunaongeza uzito wa swali. Mtengeneza programu mmoja anabadilisha jina la faili la malipo na kuliita mishahara. Mwenzake, asiyejua hilo, anasahihisha kosa kwenye mstari wa 40 wa faili la malipo. Kazi zao zinapounganishwa, mfumo hutafuta toleo la mwisho ambalo wote wawili walianzia, yaani mzazi wao wa pamoja, na kupima kila mmoja ameondokaje hapo. Ukitambua kuwa mishahara ndiyo malipo, unaupeleka usahihisho wa mstari wa 40 kwenye jina jipya, na kila mtu anapata haki yake. Usipotambua, unakwama: upande mmoja faili limefutwa, upande mwingine limesahihishwa, na binadamu anaitwa kuamua. Mara nyingi kinachosababisha usitambue ni kwamba aliyebadilisha jina aliandika upya na sehemu kubwa ya faili kwa mkupuo huohuo, mfanano ukaanguka chini ya nusu. Anayeitwa kuamua akichagua faili jipya bila kuangalia, usahihisho wa mwenzake unapotea kimya, na kosa la mstari wa 40 linarudi kwenye mishahara ya watu. Hasara hiyo humpata mtu aliyefanya kazi yake kwa uaminifu.

Upo pia mgongano wa faili moja kupewa majina mawili na watu wawili, na wa mafaili mawili kuhamishiwa kwenye jina moja. Git hairuhusu hata mmoja upite bila kuulizwa mtu, na inafanya vyema.

Inapounganisha kwa njia kamili, Git huandika kumbukumbu yenye wazazi wawili, na kila mzazi anaweza kufuatwa nyuma hadi mwanzo wake. Ipo njia nyingine, ya kubana kazi yote ya tawi, yaani mstari wa kazi uliojitenga, kuwa badiliko moja lisilo na mzazi wa pili. Matokeo ya leo yanafanana herufi kwa herufi. Tofauti ni kwamba njia ya pili haikumbuki kuwa palikuwa na wawili. Muungano wa nchi nao unaweza kutazamwa hivyo. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo jamhuri iliyozaliwa ikaitwa Tanzania. Zanzibar iliendelea na serikali yake na mstari wake wa historia. Tanganyika ikayeyuka ndani ya jumla. Kwamba jina lililoachwa huru mwaka 1964 limekuja kuvaliwa na wilaya ya Katavi ni jambo halali kabisa, kwa kuwa ziwa lipo pale na wilaya inapakana nalo. Mwanafunzi wa kesho atakayetafuta Tanganyika katika nyaraka atahitaji kuelezwa kuwa nchi ile na wilaya hii hazina mlolongo unaoziunganisha zaidi ya ziwa lenyewe.

Mfano mzito zaidi wa kuunganishwa mkoani humo ni wa watu. Kufuatia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya wakimbizi walipewa makazi Katumba mwaka 1973, na wengine Mishamo miaka michache baadaye. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa Mishamo na wengine waliojitafutia maisha Kigoma mjini, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinaonyesha njia mbili zilizoachana. Mishamo walisimuliana historia yao bila kuchoka na kujiona taifa lililo uhamishoni. Kigoma mjini wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi. Waliingia katika ujirani, wakaoa na kuolewa, wakajitambulisha kwa namna iliyowawezesha kuishi. Wa kwanza walishika sanadi, wa pili waliiacha ififie, na hakuna mwenye haki ya kuwahukumu wa pili.

Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilitangaza uraia kwa watu wapatao 162,000 wa kundi hilo, wengi wao wakiwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu mkoani Tabora, nao wakaukana uraia wa Burundi. Mpango wa awali uliwataka wahame makazi hayo na kutawanyika katika mikoa mingine, na hati zikawa zinangoja. Mpango huo uliachwa, na kuanzia mwaka 2014 watu wakaanza kupewa hati zao wakiwa palepale walipolima kwa miaka 40. Uamuzi wa kuwaacha ulikuwa wa haki. Kutawanywa kungekuwa sawa na kubana tawi zima kuwa mstari mmoja: raia wangepatikana, na Katumba na Mishamo kama jamii zenye historia zingefutika.

Lakini kisa hicho hicho kinaonyesha mpaka wa jibu la tatu. Faili haliumizwi na historia yake. Mtu anaweza kuumizwa. Daftari linalokumbuka kuwa mzazi wa raia fulani aliingia kama mkimbizi linaweza kumlinda anapodai shamba, na linaweza kugeuzwa silaha na anayetaka kumbagua. Zaidi ya hapo, mtu ana ushuhuda wake wa ndani. John Locke alishikilia, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, kuwa mtu ni yuleyule kwa kadiri anavyoyakumbuka matendo yake kuwa ni yake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipowajibu wanafalsafa waliokana ufufuo wa miili, alisema nafsi inaweza kurudishwa mwilini, iwe kwa chembe zilezile au kwa nyingine, na mtu akabaki yeye, kwani hata maishani chembe hizo hubadilika tangu utoto hadi uzee. Wote wawili wanakutana katika jambo moja: utambulisho wa mtu hautoki ofisini. Karatasi inautambua tu, au inashindwa kuutambua.

Sura ya Al-Ahzab ya Qurani, katika aya ya 5, inalishughulikia jambo hili kwa uangalifu wa pekee. Inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao waliowazaa, na ndiyo sababu Zaid, aliyekuwa ameitwa mwana wa Muhammad, alirudi kuwa mwana wa Haritha. Sanadi inarudishwa, hata pale ambapo upendo uliunda jina jingine. Aya hiyohiyo haimwachi mtu ambaye baba yake hajulikani: huyo ni ndugu katika dini. Kukosa mlolongo hakumwondolei mtu nafasi yake miongoni mwa watu. Kanuni hiyo haiwezi kutumika kwa faili, kwa halmashauri wala kwa jimbo, kwa sababu vitu hivyo havina nafsi ya kurejewa. Utambulisho wao wote ni ule ulioandikwa. Usipoandikwa, haupo mahali pengine.

Kwa sababu hiyo wajibu wa kuandika unawaangukia kwa uzito zaidi wanaotunza vitu vilivyoundwa na watu. Masjala za serikali zinajua jinsi ya kufanya hivyo tangu zamani. Faili likijaa hufungwa, jipya hufunguliwa, na kwenye jalada la kila moja huandikwa lililotangulia na linalofuata, ili anayetafuta folio ya miaka 20 iliyopita aifuate bila kumtegemea mzee aliyestaafu. Halmashauri inapobadilishwa jina, herufi za mwanzo za Kumb. Na. hubadilika nazo, na jalada hilo ndilo linalopaswa kubeba majina yote mawili. Watengeneza programu wanaotumia Git, ambayo haitawaandikia, hawana budi kulifanya kwa mkono: kubadilisha jina kuwe badiliko la peke yake, lenye maelezo yake, na masahihisho ya yaliyomo yafuate katika badiliko jingine, ili mfanano usishuke na kazi ya mwenzao isipotee. Ofisi nazo zifanye hivyo. Jina jipya litangazwe kwa siku yake, mipaka na majukumu vibadilishwe kwa siku nyingine, na kwa miaka kadhaa barua zinazotoka Majalila ziendelee kutaja, chini ya jina la Tanganyika, kwamba hii ndiyo iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda.